Hotuba Fupi ya Papo Hapo katika Kiingereza: Muda, Akiba na Mwanafunzi wa Lugha ya Pili

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kenya aliyefaulu mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne, na anayeweza kuandika insha ya kurasa tatu bila ya makosa mengi, huweza akasimamishwa mbele ya watu, akapewa mada asiyoitarajia, akaambiwa aizungumzie kwa dakika mbili, na baada ya sentensi mbili tatu akanyamaa kimya. Hali hii si ngeni kwa walimu wa lugha. Aghalabu huelezwa kwa njia moja kati ya mbili: ama husemwa kwamba mwanafunzi huyo hajui Kiingereza, ama husemwa kwamba anacho Kiingereza lakini ni mwoga. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo yote mawili yana upungufu. Kiini cha tatizo ni uhusiano baina ya muda na ujuzi, nalo ni jambo linaloweza kufundishwa.

Kwa "hotuba fupi ya papo hapo" inakusudiwa hapa kauli mfululizo ya msemaji mmoja, ya kiasi cha dakika moja hadi tatu, juu ya mada ambayo msemaji hakuijua kabla. Kauli ya namna hii inatofautiana na mazungumzo, kwa kuwa katika mazungumzo mwenzi humpokea msemaji anapokwama. Inatofautiana pia na hotuba iliyoandikwa, ambayo mwandishi wake alikuwa na nafasi ya kufuta na kuandika upya. Kadhalika haifanani na kukariri, kwani aliyekariri hatungi chochote wakati wa kusema.

Uwezo huu umethaminiwa tangu kale. Quintilian, mwalimu wa balagha wa Roma katika karne ya 1, katika kitabu cha 10 cha Institutio Oratoria, aliuhesabu uwezo wa kusema bila ya matayarisho kuwa tunda kubwa kabisa la masomo ya msemaji. Katika karne ya 20, chama cha Toastmasters, kilichoasisiwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924, kiliufanya kuwa zoezi la kawaida la mikutano yake: mwanachama huitwa ghafla, akapewa swali, akalijibu kwa dakika moja au mbili.

Kwa mwanafunzi wa lugha ya pili jambo hili si la starehe. Katika mtihani wa IELTS, unaotakiwa na vyuo vikuu vingi vya Uingereza na Australia, sehemu ya pili ya jaribio la kusema humpa mtahiniwa kadi yenye mada, dakika 1 ya kufikiri, karatasi na penseli, kisha humtaka aseme peke yake kwa dakika 1 hadi 2. Mtihani wa TOEFL wa kompyuta ulioanza mwaka 2005 ulikuwa mkali zaidi: katika baadhi ya maswali ulimpa mtahiniwa sekunde 15 za kufikiri na sekunde 45 za kusema. Hata pasipo mitihani hiyo, mwombaji kazi anayeambiwa na jopo "jieleze kwa ufupi" anatakiwa kufanya kazi ile ile. Basi dakika mbili zaweza kuamua hatima ya mtu aliyesoma Kiingereza kwa miaka kumi na miwili.

2. Kazi inayofanyika katika kusema

Maelezo mashuhuri zaidi ya namna mtu anavyosema ni yale ya mwanasaikolojia wa Uholanzi, Willem Levelt, aliyoyatoa mwaka 1989. Kwa mujibu wa Levelt, kusema kuna hatua tatu kuu. Kwanza msemaji huamua maana anayotaka kuitoa. Pili huitafutia maana hiyo maneno na kuyapanga kwa sarufi na sauti. Tatu huyatamka. Juu ya hatua hizi pana ukaguzi: msemaji hujisikiliza mwenyewe, na mara nyingine hulizuia kosa kabla halijatoka kinywani. Hatua hizi hazingojani. Wakati kipande cha kwanza cha sentensi kinatamkwa, kipande cha pili kinapangwa, na maana ya kipande cha tatu inafikiriwa.

Kasi ya kazi hii inastaajabisha. Msemaji wa kawaida hutoa maneno mawili au matatu kwa kila sekunde, akiyachagua katika hazina ya makumi ya maelfu ya maneno. Hawezi kufanya hivyo kwa kufikiria kila neno. Katika lugha ya kwanza, hatua ya pili na ya tatu huenda zenyewe, kama miguu ya mtu anayetembea huku akizungumza na mwenziwe. Fikira yake yote hubaki huru kushughulikia maana.

Mwaka 1992 Kees de Bot aliyatumia maelezo haya kwa watu wenye lugha mbili. Kwa mwanafunzi wa lugha ya pili, kazi ya hatua ya pili bado inahitaji kufikiriwa: neno linatafutwa, wakati wa kitenzi unachaguliwa, matamshi yanaangaliwa. Na kwa kuwa fikira ya mwanadamu ina kiasi, ile inayotumika kutafuta neno haipatikani kwa kupanga hoja. Ndiyo sababu mwanafunzi mwerevu huonekana katika Kiingereza kama mtu asiye na mawazo.

Insha ya kuandika huuficha upungufu huu kwa kuwa kalamu humngoja mwandishi. Wasikilizaji hawangoji. Kwa hiyo alama nzuri katika insha na kimya katika hotuba vyaweza kuwa vya mtu yule yule, wala pasiwe na jambo la kushangaza.

3. Mahali anapokwama msemaji

Mahali pa kwanza ni katika msamiati. Kulijua neno ukiliona na kulipata neno ukilihitaji ni mambo mawili mbalimbali. Mwanafunzi huyatambua maelfu ya maneno ya Kiingereza akiyasoma, lakini yale anayoweza kuyatoa kinywani kwa nusu sekunde ni machache zaidi.

Mahali pa pili ni katika sarufi, hasa pale ambapo Kiingereza hulazimisha kutajwa jambo ambalo lugha ya kwanza ya msemaji hailitaji. Kiambishi a- katika kitenzi cha Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke, na ndivyo ilivyo katika lugha za Kibantu kwa jumla. Kiingereza hutaka msemaji achague baina ya "he" na "she" kila anapomrejelea mtu. Mwanafunzi anaijua kanuni hii tangu shule ya msingi, na katika maandishi haikosei. Hata hivyo, akisimulia kwa haraka habari za mama yake, mara humwita "he". Vivyo hivyo kwa "a" na "the", ambavyo Kiswahili hakina mfano wake. Makosa haya hayaonyeshi kwamba kanuni haijulikani. Yanaonyesha kwamba ukaguzi umelemewa, na kilichoachwa kwanza ni kile ambacho maana yaweza kueleweka bila yake.

Mahali pa tatu ni katika vituo. Frieda Goldman-Eisler, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 1968, alionyesha kwamba hata mtu anayesema lugha yake mwenyewe hunyamaza mara kwa mara anapotunga kauli mpya. Kwa hiyo kimya chenyewe si aibu. Tofauti iliyobainishwa na uchunguzi wa baadaye ni ya mahali: mzawa wa lugha hunyamaza zaidi mwishoni mwa kishazi, ambapo wazo moja limetimia na jingine linakaribia, mwanafunzi hunyamaza mara nyingi katikati ya kishazi, baina ya kitenzi na yambwa yake, kwa sababu neno limekosekana. Msikilizaji hulisamehe pengo la kwanza bila hata kulitambua, lakini la pili humchosha.

Mahali pa nne ni katika hofu, ambayo hapa haina budi kutajwa pamoja na chanzo chake. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, ameeleza jinsi mtoto aliyekutwa akisema Gĩkũyũ katika eneo la shule alivyochapwa au kuvikwa kibao cha kumfedhehesha. Mwanafunzi aliyefundishwa Kiingereza katika mazingira ya kuchekwa hujenga ukaguzi mkali mno. Kila neno hulipeleleza kabla ya kulitoa, na upelelezi huo hula muda ule ule ambao tayari haumtoshi. Woga basi huingia ndani ya kazi yenyewe ya kutunga kauli, na kumwambia mwanafunzi "usiogope" hakuuondoi.

4. Papo hapo si pasipo akiba

Pana dhana iliyoenea kwamba asemaye papo hapo huumba kila kitu upya. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanajua kuwa sivyo. Milman Parry na mwanafunzi wake Albert Lord walichunguza waimbaji wa tendi wa Yugoslavia katika miaka ya 1930, na Lord akayaeleza matokeo yake katika The Singer of Tales, mwaka 1960. Waimbaji wale waliweza kutunga maelfu ya mistari huku wakiimba, bila ya kuandika na bila ya kukariri. Waliweza kwa sababu walikuwa na akiba ya mafungu ya maneno yaliyokwisha kulingana na mizani ya wimbo, pamoja na maudhui ya kawaida kama vile mkutano, safari na vita, ambayo kila mmoja aliyajua mpangilio wake.

Malumbano ya ushairi wa Kiswahili yanaonyesha jambo lilo hilo kwa njia yake. Yafaa kukumbuka kwamba si majibizano yote yalitungwa ghafla. Mengi ya mashairi ya Mombasa na Lamu ya zama za Muyaka bin Haji yalipelekwa na kujibiwa kwa nafasi. Lakini pale malenga anapojibu barazani, umbo la shairi humtumikia. Anajua kwamba ubeti una mishororo minne, kwamba mshororo una mizani 16, kwamba kina cha kati kitamgonja katika mizani ya nane, na kwamba kibwagizo kipo tayari kumpokea mwishoni. Linalobaki la kutungwa ni dogo kuliko linavyoonekana kwa msikilizaji.

Andrew Pawley na Frances Syder walitoa hoja inayokaribiana na hii mwaka 1983 kuhusu usemi wa kila siku wa Kiingereza. Walisema kwamba mzawa wa Kiingereza haungi sentensi zake neno kwa neno. Anayo maelfu ya mafungu yaliyokwisha kuungwa, ambayo huyatoa kwa pamoja na kuyajaza nafasi chache zilizobaki. Ndiyo maana husema kwa ufasaha, na ndiyo maana usemi wa mgeni waweza kuwa sahihi kwa sarufi na bado usisikike kuwa wa kawaida.

Hapa hapana budi kutenganisha akiba na kukariri hotuba nzima. Mwanafunzi aliyekariri hotuba juu ya "rafiki yangu" hubabaika akiulizwa juu ya daraja, au huulazimisha urafiki uingie darajani. Akiba inayofaa ni ya mifupa wala si ya nyama: namna ya kufungua, namna ya kutoa sababu, namna ya kuleta mfano, namna ya kujirekebisha, na namna ya kufunga. Mifupa hii hutumika kwa mada yoyote, nayo humpa msemaji sekunde mbili za kufikiri huku kinywa chake kikiendelea.

5. Dakika ya matayarisho

Pauline Foster na Peter Skehan, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 1996, waliwapa baadhi ya wanafunzi wa Kiingereza dakika 10 za kujitayarisha kabla ya kusema na wengine wakawanyima. Waliopewa muda walisema kwa ufasaha zaidi na kwa sentensi pana zaidi. Kwa upande wa usahihi wa sarufi, faida ilitegemea aina ya kazi na ya matayarisho. Matokeo haya yanaafikiana na maelezo ya Levelt: kama maana imekwisha kupangwa, fikira hubaki kwa ajili ya maneno.

Dakika moja si kumi. Lakini huweza kutumika vizuri au ikapotezwa. Tuseme mada ni kitu kinachotunzwa na watu wa nyumbani kwa msemaji. Mwanafunzi wa kwanza huandika sentensi ya kufungulia, akaifuta, akaiandika tena. Dakika huisha akiwa na sentensi moja nzuri na hana la pili. Mwanafunzi wa pili huchagua mtungi wa bibi yake na kuandika maneno manne tu: mtungi, kisima, ufa, leo. Neno la kwanza litamfanya aseme ni kitu gani. La pili, kilitumika vipi. La tatu, kisa kimoja kilichotokea. La nne, kina maana gani sasa. Amejipatia vituo vinne, na kila kituo ni mwisho wa wazo, mahali ambapo kunyamaza kidogo hakumdhuru.

Jambo jingine la kuamuliwa katika dakika hiyo ni nini kisisemwe. Msemaji wa lugha ya pili huchagua maana kwa kuangalia maneno aliyo nayo. Anayetaka kuleta kwa Kiingereza methali ya haba na haba hujaza kibaba, hukwama penye kibaba, akitafuta kipimo ambacho wasikilizaji wake hawakijui. Anayesema tu kwamba jamaa fulani waliweka shilingi chache kila jioni mpaka wakanunua mbuzi, ameutoa ujumbe wote. Hili lisihesabiwe udhaifu. Kila mnenaji mzuri huyapima maneno yake kwa wasikilizaji na kwa uwezo wake.

6. Zoezi na darasa

Zoezi lililochunguzwa zaidi katika uwanja huu ni lile lililoelezwa na Keith Maurice mwaka 1983 na kuendelezwa na Paul Nation. Mwanafunzi husema juu ya mada moja kwa dakika 4 mbele ya msikilizaji mmoja. Kisha huyasema yayo hayo kwa msikilizaji wa pili kwa dakika 3. Kisha kwa wa tatu kwa dakika 2. Kubadilisha msikilizaji humfanya msemaji awe na sababu ya kurudia, na kupunguza muda humzuia asiongeze mambo mapya. Nel de Jong na Charles Perfetti, katika utafiti wao wa mwaka 2011, waliona kwamba wanafunzi waliorudia mada ile ile waliendelea kuwa na ufasaha hata walipopewa mada mpya baadaye, ilhali wale waliobadilishiwa mada kila mara hawakudumu nao. Kwa maneno mengine, kurudia leo huleta upapo hapo wa kesho.

Zoezi hili lina kasoro moja: makosa nayo hurudiwa. Kwa hiyo mwalimu hufanya vyema kutoa masahihisho baina ya zamu, kwa kosa moja au mawili yanayowahusu wengi, wala asimkatize msemaji katikati.

Walimu wengi hudai kwamba madarasa makubwa hayaruhusu mazoezi ya kusema. Hesabu yaonyesha vingine. Darasa la wanafunzi 50, kila mmoja akisimama mbele kwa dakika 2, litahitaji dakika 100, yaani zaidi ya vipindi viwili vya dakika 40, na kila mwanafunzi atakaa kimya kwa dakika 98. Lakini wanafunzi hao wakikaa wawili wawili, nusu yao wakasema kwa wakati mmoja kwa dakika 4, 3 na 2, kisha nusu ya pili ikafanya vivyo, kazi nzima itachukua kiasi cha dakika 20, na kila mmoja atakuwa amesema kwa dakika 9. Patakuwa na kelele, lakini ni kelele za lugha. Isitoshe, anayesema mbele ya mwenzake mmoja hana hofu ya anayesema mbele ya arobaini na tisa.

7. Suala la mtihani

Mazoezi haya hayatashika mizizi ikiwa mtihani hauyahitaji. Tangu mtihani wa KCSE ufanywe kwa mara ya kwanza mwaka 1989, kusema Kiingereza hakujapimwa kwa kusema. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina sehemu ya stadi za kusikiliza na kuzungumza, lakini stadi hizo hujibiwa kwa kalamu: mtahiniwa huandika ni maneno gani yanayotamkwa sawa, au hueleza kwa maandishi jinsi ambavyo angejitayarisha kutoa hotuba. Anaweza kupata alama zote pasipo kufungua kinywa. Wakati huo huo, mtahiniwa wa Kifaransa katika mtihani ule ule wa KCSE huwa na karatasi ya kuzungumza, akaketi mbele ya mtahini na kusikilizwa.

Sababu inayotolewa ni idadi. Watahiniwa wa Kiingereza ni mamia ya maelfu kila mwaka, na wa Kifaransa ni maelfu machache. Sababu hii ni ya kweli kwa mtihani wa taifa wa siku moja. Si ya kweli kwa upimaji unaofanywa na mwalimu shuleni kwa muda wa mwaka. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umekwisha kuweka kusikiliza na kuzungumza kuwa mada kuu katika somo la lugha na kuruhusu upimaji wa shuleni. Nafasi basi ipo.

Walimu wa Kiswahili nao wasidhani kwamba suala hili ni la wenzao. Katika KCSE Kiswahili pia hakina karatasi ya kusema. Hotuba hutungwa kama insha, na sajili za isimujamii hujibiwa kwa maandishi. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza si Kiswahili, naye ni wa kawaida katika sehemu nyingi za nchi, hukabiliwa na uhaba ule ule wa muda anapotakiwa kusema Kiswahili sanifu mbele ya watu. Tofauti ni kwamba akikosea Kiswahili husemwa ni mtu wa bara, na akikosea Kiingereza husemwa ni mjinga. Hukumu zote mbili hazina msingi katika isimu.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa katika makala haya kwamba kunyamaa kwa mwanafunzi katika hotuba ya papo hapo hutokana na upungufu wa muda wa kuyatoa anayoyajua. Kwamba waliobobea katika utungaji wa papo hapo, wawe waimbaji wa tendi au malenga wa barazani, hutegemea akiba na umbo. Na kwamba akiba hiyo hujengwa kwa mifupa ya usemi, kwa dakika ya matayarisho inayotumika vyema, na kwa kurudia mbele ya wasikilizaji wanaobadilika. Linalohitajika zaidi sasa ni uchunguzi wa wanafunzi wa Kenya wenyewe: wanyamaze wapi katika kishazi, waazime nini kutoka katika lugha zao, na watumie viunzi gani wanapokwama. Lugha za Kibantu, za Kinailoti na za Kikushi zinazosemwa nchini humu zatofautiana sana kwa sarufi, na haiyumkiniki kwamba wasemaji wake wote wakwame mahali pamoja. Mpaka uchunguzi huo ufanywe, jopo lolote linalomsikiliza kijana aliyenyamaa baada ya sentensi ya pili litakuwa na wajibu wa kungoja kidogo kabla ya kuandika kwamba hajui kitu.